Tufe Lilazwe Ubavu

Mwanafunzi wa Kampala akisimama uwanjani shuleni, mhimili wa dunia, ule mstari wa kufikirika ambao dunia huuzunguka, umelala sambamba na ardhi anayoikanyaga. Ncha ya Kaskazini kwake haiko juu, iko mbele, kule mbingu inakogusa vilima akielekea kaskazini. Ncha ya Kusini iko kisogoni pake, nayo imelala vivyo hivyo. Hili ni jambo la kwanza ambalo mtoto wa Uganda angepaswa kulijua kuhusu mahali pake duniani, na ndilo globu ya plastiki iliyo mezani kwa mwalimu inashindwa kumwonyesha. Globu hiyo imefungwa kwenye mkono ulioinama nyuzi 23.5, mkono usiolegea wala kugeuzwa. Kazi yake ni kuzunguka tu. Mtoto huisukuma kwa kidole, ikazunguka, akafurahi, kipindi kikaisha.

Nimefundisha jiografia katika shule za sekondari za Busoga kwa miaka 26. Shule moja kati ya hizo ilikuwa na tufe la kale, yaani globu ya zamani, ndani ya kabati la vioo, ofisini kwa mkuu. Lilikuwa na kipenyo cha kama sentimita 30, karatasi yake imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Lilining'inia ndani ya pete ya shaba iliyochorwa nyuzi, na pete hiyo ilipita katika duara pana la mbao lenye miguu minne. Wageni walionyeshwa. Wanafunzi hawakuruhusiwa kuligusa. Siku moja nililiomba kwa kipindi kimoja, nikajibiwa kwa upole kwamba kitu cha thamani hakipelekwi darasani. Jibu hilo limenikaa moyoni hadi leo, kwa sababu naamini ni kinyume chake: thamani ya kitu kile ilikuwa darasani, na kabatini haikuwa na kazi yoyote.

Wengi hudhani tufe la kale ni ramani ya mviringo iliyopitwa na wakati. Waliolitengeneza walilitaka liwe chombo cha kukokotoa. Mchoraji ramani Gerard Mercator alitoa tufe la dunia mwaka 1541 na mwenzake, tufe la mbingu, mwaka 1551, na tangu hapo ikawa desturi mafundi wa Ulaya kuyauza mawili mawili. Kufikia karne ya 18 na ya 19, shule za Uingereza zilikuwa na somo kamili la matumizi ya matufe. Mwanafunzi alipewa swali: siku fulani, mji fulani, jua litachomoza saa ngapi? Hakuwa na kanuni ya kukariri. Aliinua ncha ya tufe juu ya duara la mbao kwa nyuzi za latitudo ya mji ule. Akatafuta tarehe kwenye lile duara, maana juu yake zilichapishwa siku zote za mwaka, na pembeni mwa kila siku mahali jua lilipo kati ya nyota. Akatafuta mahali pale juu ya tufe, akapaleta chini ya pete ya shaba, akaweka kijisahani cha saa kilicho kwenye ncha ya tufe kwenye 12, kisha akageuza tufe kuelekea mashariki hadi alama ya jua igonge ukingo wa mbao. Kijisahani kikampa saa. Duara la mbao ndilo upeo wa macho. Juu yake mchana, chini yake usiku.

Vitabu vya somo lile vilieleza namna tatu za kuweka tufe. Kwa mtu wa London ncha huinuliwa mshazari. Kwa mtu ambaye angesimama kwenye ncha ya dunia, mhimili husimama wima. Na kwa mtu wa ikweta, mhimili hulala kabisa juu ya duara la mbao, ncha zote mbili zikigusa upeo. Waandishi wale waliieleza hali hii ya tatu kwa wasomaji ambao wengi wao wasingeiona maishani. Sisi tumezaliwa ndani yake. Kampala iko latitudo dakika 19 tu, karibu theluthi ya nyuzi moja, kaskazini ya ikweta, na mstari wenyewe unakata barabara ya Masaka pale Kayabwe, ambapo watalii husimama kupiga picha kwenye zile pete mbili nyeupe. Laza tufe ubavu hivyo, uone kinachotokea: duara la mbao linakata kila mstari wa latitudo katikati, nusu juu, nusu chini. Ndiyo sababu mchana wetu una karibu saa 12 na usiku karibu saa 12 Januari hadi Desemba. Mtoto aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hahitaji kuliandika mara kumi daftarini.

Tena ndiyo sababu saa ya Kiswahili ina mantiki hapa. Tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na jambo hilo ni gumu mahali ambapo jua hubadilisha saa ya kuchomoza kila mwezi kwa tofauti kubwa. Lakini mwanafunzi mwerevu atauliza, kama nilivyowahi kuulizwa: mbona basi Kampala jua linakuwa utosini, kwa wastani wa mwaka, karibu saa saba kasoro dakika 10, na si saa sita kamili? Jibu liko kwenye tufe. Saa ya Afrika Mashariki ni ya longitudo 45 Mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Kampala iko longitudo 32.6. Tofauti ni nyuzi 12.4, kila uzi mmoja ni dakika 4, jumla kama dakika 50. Saa tunayoivaa mkononi ni ya pwani ya Somalia, na jua letu hufika baadaye.

Baada ya kunyimwa lile la kabatini, nilichukua globu ya plastiki, nikaing'oa kwenye mkono wake. Nikamtuma mwanafunzi aniletee kata ya kichwani, ile pete ya kubebea mzigo. Akaenda nyuma ya jiko la shule, akasokota majani makavu ya mgomba kama mama zetu wanavyosokota wakienda kuteka maji. Tukaiweka kata juu ya kiti uwanjani, tufe juu ya kata, Uganda ikiangalia mbinguni, Ncha ya Kaskazini ikielekezwa kaskazini kwa dira. Kisha tukabandika kipande cha njiti ya kiberiti juu ya Kampala kwa donge la unga wa ngano uliokandwa.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, mwishoni mwa Machi. Kivuli cha njiti kilielekea upande uleule wa kivuli cha mlingoti wa bendera. Darasa lilinyamaza. Jua lililoangaza dunia kubwa liliangaza na dunia ndogo kwa namna ileile, kwa kuwa zilikuwa zimeelekea upande mmoja. Nusu ya tufe ilikuwa na mwanga, nusu kivuli, na mpaka kati yake ulipita Accra. Maana yake, watu wa Ghana ndio kwanza walikuwa wanalichungulia jua. Brazil yote ilikuwa gizani. Japani ilikuwa alasiri. Hakuna aliyewaambia, waliyasoma. Juni tulirudia, wakaona mwanga unaifikia Ncha ya Kaskazini na kuivuka, huku ya kusini ikiwa gizani. Siku hiyo nilifundisha majira ya mwaka bila kuchora mchoro hata mmoja ubaoni.

Tufe la kale linafanya hivyo kwa kugeuza pete tu. Globu ya kisasa inabidi uivunje kwanza.

Nakuja sasa kwenye jambo linalowafanya watu wengi wayakatae matufe ya kale: yana makosa, na yana ukoloni. Yote mawili ni kweli. Lile la kabatini nililisoma kupitia kioo kwa miezi. Liliandikwa "Leningrad," jina lililoanza mwaka 1924, na bado liliandikwa "Constantinople," jina ambalo Uturuki iliuomba ulimwengu uliache mwaka 1930. Kwa hiyo nilikadiria lilichapishwa katikati ya miaka hiyo. Uganda ilikuwa na rangi ya waridi ya milki ya Waingereza, na kusini kwetu paliandikwa "Tanganyika Territory." Ziwa letu kubwa liliandikwa Victoria, jina la malkia wa Uingereza, pasipo hata herufi moja ya Nalubaale, jina lake la kwetu. Mwalimu mwenzangu alisema kitu hicho kichomwe. Mimi nasema kiwekwe mezani, kila mtoto apewe karatasi aandike majina yaliyofutwa: Nalubaale, Mwitanzige (Ziwa Albert), na mengine ambayo bibi yake atamwambia akirudi nyumbani. Globu mpya isiyo na waridi haitamwonyesha kwamba kuna mtu aliyekaa mahali akaamua majina.

Makosa nayo yana utajiri ambao sijaupata kwenye kitabu chochote cha kiada. Tufe la Martin Behaim la mwaka 1492, lililoko Nuremberg, ndilo kongwe kuliko matufe yote ya dunia yaliyosalia, na halina Amerika: kati ya Ulaya na Asia ni bahari tu. Karibu na kwetu zaidi, mwaka 1798 James Rennell alichora Milima ya Kong ikikatiza Afrika Magharibi, na kwa karibu karne nzima ikachapishwa kwenye ramani na matufe, mara nyingine ikiunganishwa na Milima ya Mwezi aliyoitaja Ptolemy, mwanajiografia wa kale, hadi Louis-Gustave Binger alipopita huko mwishoni mwa miaka ya 1880 asiikute. Haikuwahi kuwapo. Milima ya Mwezi ilikuwa na bahati tofauti. Wengi waliiona ni hadithi, kisha Rwenzori ikajitokeza mawinguni na theluji yake, na kilele chake cha meta 5,109.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha ramani ya miaka ya 1850 iliyochorwa na wamishonari Erhardt na Rebmann, waliokaa pwani karibu na Mombasa. Wao wenyewe hawakuwa wamefika maziwani. Waliwauliza wasafiri wa misafara, watu waliozungumza Kiswahili, waliokwenda bara kwa njia mbalimbali. Kila aliyerudi alisema: mwisho wa njia yetu kuna maji makubwa. Walisema kweli. Wa njia moja alikuwa amefika Nyasa, wa njia nyingine Tanganyika, wa tatu Nalubaale. Waliochora ramani wakayaunganisha maji yale matatu yakawa bahari moja kubwa, yenye umbo la konokono asiye na kombe, katikati ya Afrika. Kosa halikuwa la mashahidi. Kosa lilikuwa la mkono uliounganisha. Na ramani hiyo yenye kosa ndiyo iliyochochea safari ya wavumbuzi Waingereza Burton na Speke mwaka 1857. Mwaka 1858 Speke akaona ncha ya kusini ya Nalubaale, mwaka 1862 akafika hapa Jinja mto unapotoka ziwani, na mwaka 1875 Stanley akalizunguka ziwa lote kwa mashua. Tazama tufe la mwaka 1850: mahali pa Uganda ni karatasi tupu, na utupu huo nao una historia, kwa sababu mwaka 1749 Mfaransa d'Anville aliamua kufuta ndani ya Afrika kila kitu kisichokuwa na ushahidi. Uganda ya wakati huo ilikuwa na wafalme, barabara, masoko na mitumbwi ya vita. Karatasi ilikuwa tupu, nchi ilikuwa imejaa. Mwanafunzi akiyaona matufe mawili au matatu ya miaka tofauti, au hata picha zake, anaelewa kwamba ramani ni ushuhuda, na ushuhuda huulizwa umetoka kwa nani.

Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha ramani ya ukutani ya Mercator ya mwaka 1569, inayoifanya Greenland ilingane na Afrika ilhali Afrika ni kubwa mara 14. Naiunga mkono kampeni hiyo kwa moyo wote, ila natamani ingekwenda mbele zaidi. Ramani bapa yoyote hudanganya mahali fulani, ama kwa ukubwa, ama kwa umbo, ama kwa mwelekeo. Ukitoa moja ukaweka nyingine umebadilisha mahali pa kosa. Tufe halina kosa hilo. Chukua uzi wa kushonea, ushike ncha moja Entebbe na nyingine San Francisco, ukaze. Wanafunzi wangu walitegemea uende magharibi moja kwa moja kupitia Atlantiki. Ulipita Libya, Tunisia na Ufaransa, ukagusa ncha ya kusini ya Greenland, ukashuka kupitia Kanada. Kwa wanafunzi Waislamu tulifanya na Makka: uzi ulitoka Kampala ukielekea nyuzi kama 18 mashariki ya kaskazini, urefu wa kama kilomita 2,500, na mmoja wao, kijana Mnubi kutoka Bombo, akasema hapo ndipo hasa mihrabu ya msikiti wao inapoelekea.

Tufe la mbingu ndilo tumelipoteza kabisa. Sijaona hata moja katika shule niliyofundisha. Hilo ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa kuwa elimu ya nyota ni ya wazungumzaji wa Kiswahili kabla haijawa ya mtaala. Mabaharia wa pwani waliiita falaki. Wakulima walikitazama Kilimia, kundi la nyota ndogo lililopewa jina kwa sababu ya kulima, na msemo ukabaki: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mafundi wa ulimwengu wa Kiislamu walikuwa wakichonga matufe ya nyota tangu zamani. Kuna moja la shaba kutoka Valencia, la karne ya 11, linalohifadhiwa Florence, na mafundi wa Lahore walikuja kuyasubu yakiwa kipande kimoja kisicho na kiungo. Majina waliyoyachonga ndiyo yaliyopita kwenye matufe ya Ulaya. Rigel ni mguu. Deneb ni mkia. Aldebaran ni mfuasi, na ukimtazama angani kweli anakifuata Kilimia. Mintaka ni mshipi, ile nyota ya pembeni kati ya zile tatu zilizopangana, nayo iko karibu kabisa na ikweta ya mbingu, kwa hiyo hupita utosini pa Kampala, juu kabisa, kila inapovuka anga. Jioni za mwishoni mwa Januari mtoto akilala chali uwanjani anaitazama wima. Sisi tulio hapa, mwaka ukizunguka, tunaziona nyota za kaskazini na za kusini pia. Mtu wa London zile za karibu na ncha ya kusini hazioni kamwe.

Jambo moja huwachanganya wanaoanza: kwenye tufe la mbingu makundi ya nyota yamegeuzwa kama kwenye kioo, kwa sababu unalitazama kwa nje, ilhali angani tunatazama kutoka ndani. Usiwafiche wanafunzi. Wape dakika tano waligundue.

Halafu kuna vipimo. Kwenye tufe la sentimita 30, sentimita moja ni kama kilomita 425. Uganda inaenea kwenye ukucha wa kidole. Rwenzori yote ni unene wa karatasi, na hapo ndipo utajua globu zenye milima iliyovimba zinasema uongo kiasi gani. Mwezi ni mpira wa sentimita 8, chungwa kubwa hivi, na mahali pake ni meta 9 kutoka kwenye tufe. Watoto hutegemea uwe karibu na kiwiko. Ukisubiri jua la saa kumi na moja jioni, ukashikilia chungwa hilo juu ya mti meta 9 mbele ya tufe, kiini cheusi cha kivuli chake hufika kwenye tufe kikiwa kimekonda karibu kuwa nukta. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 3 Novemba 2013, nukta ile ilipopita Pakwach, kaskazini magharibi mwa Uganda, na watu wakamiminika huko kuona jua likipatwa kikamilifu kwa sekunde chache tu. Na ndivyo ilivyokuwa Biharwe, karibu na Mbarara, ambako mapokeo yanasema Omukama (mfalme) Olimi wa Bunyoro alikuwa akirudi na ng'ombe alioteka katika ufalme wa Nkore, mchana ukawa giza, akaogopa akawaacha ng'ombe. Wanahistoria wamekihusisha kisa hicho na kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, na leo kuna mnara pale. Tufe, chungwa na jua la jioni vinaunganisha Pakwach na Biharwe ndani ya kipindi kimoja.

Simwambii mtu achukue tufe la miaka mia alianike juani. Karatasi hupauka, vanishi hupasuka, na kidole kinachogusa Uganda kila siku huifuta Uganda. Nimewahi kuona tufe ambalo nchi ya shule yenyewe ilikuwa doa jeupe. Lisifutwe kwa kitambaa chenye maji. Litumike kivulini, mwalimu akionyesha kwa kijiti kilichofungwa pamba, wanafunzi wageuze pete kwa zamu. Kazi ya juani ipewe nakala.

Na nakala tunaweza kuitengeneza, kwa ufundi uleule wa zamani. Matufe ya kale mengi ni karatasi iliyogandishwa kwa gundi juu ya umbo la mpira, ikapakwa plasta, kisha ikavishwa vipande 12 vya karatasi iliyochapwa, vyenye umbo la kipande cha ganda la chungwa. Mpira wa miguu wa kawaida una mzingo wa kama sentimita 69. Gawa kwa 12: kila kipande upana wa sentimita 5.8 katikati, urefu sentimita 34.5, kikikonda kuelekea ncha zote mbili. Kila kipande ni nyuzi 30 za longitudo, yaani saa mbili za jua. Magazeti ya zamani yapo, uji wa muhogo unagandisha vizuri, na duara la upeo hukatwa kwenye boksi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unawataka wanafunzi wafanye kazi za mikono na kutumia vilivyo karibu nao. Sioni kazi ya jiografia inayostahili muhula mzima kuliko hii. Simu haitachukua nafasi yake, kwa kuwa kioo cha simu nacho ni bapa, na dunia ya kwenye kioo haina kivuli chake yenyewe.

Tarehe 23 Septemba jua litapita utosini tena. Kayabwe itakuwa karibu saa sita na dakika 44 mchana, Kampala dakika mbili kabla. Kwa muda mfupi njiti iliyosimama juu ya Uganda haitakuwa na kivuli, mlingoti wa bendera vivyo hivyo. Kata iwe imesokotwa mapema, maana majani ya mgomba yakikauka sana hukatika.